Njia za vumbi Iringa kwa baiskeli: tufuate Ruaha Mdogo, lami ya TANZAM tuwaachie malori

mpandavumbi

Kamwene wakuu.

Huu uzi nimeuahidi siku nyingi. Kila mwezi kuna mtu ananifuata PM anauliza akifika Iringa na baiskeli yake apande wapi, na wengi najua wanafanya kosa lile lile nililofanya mimi, wanashuka Ipogolo wanaingia barabara kuu ya Mbeya wanaanza kukanyaga kwenda Isimila kwasababu ramani inaonyesha kilomita kama 20 tu na ni lami mwanzo mwisho.

Hiyo lami ndo TANZAM, barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Malori ya Tunduma, ya Zambia, ya Kongo, mabasi ya mikoani, wote wanapita hapo na wote wana haraka. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa hapo na mwenzangu tunapanda kilima taratibu, lori likawa linatupita na lingine likatokea mbele, dereva akakosa pa kwenda akatubana. Mimi niliingia majanini. Mwenzangu kioo cha pembeni kilimpiga bega akaenda chini kwenye kokoto, mtulinga ukavunjika, miezi minne hakushika usukani. Mzima yupo, namshukuru Mungu kila nikimuona. Toka siku ile nikajiwekea sheria kwamba kilomita zangu nitazitafuta kwenye vumbi, na ndo nikaja kujua kwamba mji huu umezungukwa na barabara za vijiji ambazo watu wa nje wangelipia ndege kuja kuzipanda, na sisi tunazipita na daladala tumefunga vioo.

Kwa wageni wa mambo haya, baiskeli ya graveli ni ile yenye usukani wa kupinda kama ya mashindano ya barabarani ila tairi zake nene, milimita 40 au zaidi, inakimbia kwenye lami na inavumilia changarawe. Ila usiache kusoma kwasababu huna. Nusu ya njia nitakazoandika nilizipanda kwanza na mtumba wa mountain bike.

Jambo la kwanza kulijua kuhusu Iringa: mji upo juu, mita kama 1,600 toka usawa wa bahari, na mto Ruaha Mdogo unapita chini. Kwahiyo safari yoyote ya mtoni unaanza kwa kushuka na kumaliza kwa kupanda. Usimalize miguu huko mbele, kile kipande cha kurudi mjini kinakusubiri na jua la saa saba.

Njia zangu ni hizi, nitazieleza moja moja nikipata muda:

Kalenga mpaka Tosamaganga, hii ni ya kuanzia.

Kiwere mpaka Mfyome, mto na msitu wa miombo, hii ndo roho yangu ilipo.

Kihesa Mgongo kwenye michoro ya Igeleke, ya jioni baada ya kazi, fupi, ukitaka unaunganisha mpaka upande wa Nduli.

Kilolo, ya wenye mapafu.

Idodi mpaka Tungamalenga, ya siku mbili, na hii ina masharti yake nitayasema.

Nianze na Kalenga. Ni kama kilomita 15 kutoka mjini, unafuata barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Mwanzoni kuna lami lakini magari ni machache ukilinganisha na kule chini. Kalenga ndo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, ikiitwa Lipuli, Wajerumani waliiteka mwishoni mwa Oktoba 1894, na jina lenyewe la Iringa limetoka kwenye neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Makumbusho yapo pale pale na fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954 lipo ndani. Egesha baiskeli uingie, usipite tu. Watu wengi wanapiga picha getini wanaondoka, halafu hawajui kwamba hapo walipoegemeza baiskeli mto upo hatua chache tu na ulikuwa sehemu ya ulinzi wa ngome.

Kutoka Kalenga unapanda barabara ya vumbi kwenda Tosamaganga kwenye misheni ya zamani, udongo mwekundu, mikaratusi pembeni, na ukifika juu geuka nyuma uangalie bonde lote la mto limelala chini yako kijani hata Septemba wakati kwingine kote kumekauka. Rudi kwa njia uliyoendea. Mtu atakwambia shuka upande wa pili utokee lami ya Mbeya ufunge duara. Usifunge duara.

Natanguliza shukrani, wenye nyongeza karibuni.

BintiKihesa

Asante sana kaka kwa huu uzi, nilikuwa nautafuta. Maswali mawili. Mimi nina mountain bike ya inchi 26 tairi za kawaida, itaniweza Kiwere? Na pili, nipo peke yangu, ni mwanamke, huko porini mnakoenda hali ikoje? Naomba majibu ya kweli sio ya kunitia moyo tu.

spoku36

Mi ni fundi baiskeli, nijibu la kwanza. Dada hiyo inchi 26 ni nzuri kabisa kwa huku, usiibadilishe. Adui yako sio mchanga ni mbigili. Kuanzia mwezi wa sita mbigili zimekauka zimejaa pembeni ya barabara, kila kipande kina miiba inayoangalia juu namna yoyote kikianguka. Wanaokuja na tairi nyembamba za lami wananiletea tyubu zenye matundu sita saba kwa safari moja.

Kama una tyubu za kawaida weka silanti, ile dawa ya maji ya kuziba matundu, ndani ya tyubu, unafungua koromeo la valvu unamimina, inasaidia sana. Kama rimu zako zinakubali tyublesi, yaani tairi bila tyubu, basi hamia huko usirudi nyuma. Na ukichomwa na mbigili ukiwa na silanti USIING'OE hapo hapo kwa hasira, watu wengi wanakosea hapa. Zungusha tairi mpaka ule mwiba uwe chini kabisa ili dawa itiririkie pale, ndo uvute taratibu, utasikia tsiii kidogo na povu jeupe litatoka halafu linanyamaza. Subiri dakika moja, zungusha tena, jaza upepo, ondoka.

Upepo usijaze kama wa lami. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi ya milimita 40 psi 35 inatosha, inchi 26 yenye tairi pana shusha hata 30. Tairi ngumu kwenye vijituta vile vya kama ubao wa kufulia inakuvunja mgongo na spoku zinalegea. Kagua spoku kabla ya safari, zishike mbili mbili uzibane kwa vidole, ile inayolegea kuliko wenzake ndo itakayokatika.

mpandavumbi

Dada BintiKihesa, mkuu spoku36 kamaliza la kwanza. La pili nakujibu kwa ninachokijua. Njia ya Kiwere ina watu muda wote, ni barabara ya kwenda Pawaga, kuna mashamba, kuna bodaboda, kuna watoto wa shule asubuhi na mchana. Sijawahi kupata shida hapo na dada wawili tunaopanda nao hawajapata. Ila kule mbele unapoacha barabara na kuingia njia za msituni Mfyome sikushauri uende peke yako mara ya kwanza, na nisingemshauri mwanaume pia, kwasababu ukianguka au mnyororo ukikatika unaweza kukaa saa nzima bila mtu kupita na mtandao wa simu unakata kata. Jumamosi mbili zijazo tunaenda watu watano. Karibu.

Na usipite kijijini kimya kimya. Salimia. Huku "kamwene" moja inafungua kila kitu, mtu akishaitikia anakuuliza unatoka wapi unaenda wapi na ndo anakwambia daraja la mbele limekatika.

kilomita_elfu

Naheshimu uzi mkuu lakini hapo kwa TANZAM umetisha watu. Mi naenda Isimila kila mwezi kwa lami, natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa nyekundu nyuma, koti la kuakisi, nafika saa moja malori bado machache. Isimila ni sehemu kubwa, zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji na zana za mawe za watu wa kale zilizogundulika 1951, huwezi kumwambia mgeni asiende.

mpandavumbi

Mkuu sijasema asiende, nimesema asiende kwa hiyo lami. Alfajiri unayosema wewe ndo saa ambayo dereva aliyeendesha usiku kucha macho yanafunga. Taa yako anaiona kama yuko macho. Mwenzangu alikuwa na koti la kuakisi siku ile na ilikuwa saa nne asubuhi jua kali. Wewe una uzoefu, unajua kusikiliza lori kwa sikio, lakini anayesoma hapa ni mtu ana mwezi mmoja kwenye baiskeli na nikimwandikia "nenda tu uwe makini" na yakimkuta yaliyomkuta mwenzangu nitajisikiaje. Kwenye hili sibadiliki.

Mzee wa Tosa

Vijana wangu nawasalimu. Nimesoma kwa furaha. Mimi nimezaliwa upande wa Tosamaganga na hizo barabara mnazoziita za graveli tulizipanda na baiskeli za Phoenix na Swala tukienda shule na kurudi, hakuna aliyeziita jina.

Kuhusu Isimila. Kutoka Tosamaganga kuna njia za miguu za vijiji zinazokwenda upande wa Ugwachanya, ambako Isimila ipo. Hazipo kwenye simu zenu. Mnauliza, mnaonyeshwa, mnauliza tena. Kuuliza si ujinga. Kuna mahali mtashuka mbebe baiskeli begani kwenye makorongo mawili matatu. Lami mtaigusa kidogo tu mwishoni, basi mnavuka mkiwa mmesimama mnaangalia kushoto na kulia, hamwendi nayo.

Niwaambie na jingine. Mnapopita mjini Miyomboni mjue ilikuwa miyombo kweli. Mti huu una tabia moja ambayo nataka mje muione mwezi wa tisa mwishoni mpaka wa kumi. Mvua bado, ardhi imekauka inapasuka, na miyombo inatoa majani mapya kabla ya tone moja kudondoka, na majani hayo hayaanzi kijani, yanaanza mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama ngozi ya nyanya inayoanza kuiva. Wiki mbili tatu tu, halafu yanageuka kijani. Mama yangu alikuwa akiona wekundu ule anatoa mbegu darini. Mvua zikishaanza uyoga unatoka chini ya miti hiyo hiyo na makusu, matunda ya porini, yanafuata, na sisi watoto tulikuwa tunachelewa shule kwa ajili ya makusu.

mpandavumbi

Shikamoo mzee wangu. Nimeisoma post yako mara tatu. Asante sana kwa njia ya Ugwachanya, nitaitafuta nikaiandike vizuri humu.

Mzee wa Tosa

Marahaba. Ukienda nenda na panga dogo, baadhi ya njia nasikia zimefungwa na vichaka siku hizi maana vijana wanapanda bodaboda.

MtuWaThika

Salamu kutoka Kenya. Huu uzi umenifurahisha sana. Huku kwetu graveli imeshika kasi tangu 2021 pale mashindano ya Migration Gravel Race yalipoanza kule Maasai Mara, siku nne za vumbi, na vijana wetu wakaonyesha wanaweza kushindana na watu wa Ulaya na Marekani. Suleiman Kangangi ndiye aliyekuwa nahodha wa Team Amani, timu ya waendeshaji wa Afrika Mashariki, tulimpoteza Agosti 2022 akiwa kwenye mashindano ya graveli kule Vermont, Marekani, na mpaka leo tukipanda pamoja kuna mtu atamtaja. Alitaka waendeshaji wa Afrika Mashariki wapate mashindano hapa hapa nyumbani, si lazima waombe visa ndio wajulikane.

Ndiyo maana nimeandika. Nikiona mtu wa Iringa anaandika njia za kwao kwa Kiswahili nafurahi moyoni. Swali: nikija na basi hadi Iringa, baiskeli nikiwa nimeifungua kwenye boksi, mwezi gani ni mzuri?

mpandavumbi

Karibu sana ndugu yangu. Mvua zetu ni msimu mmoja, zinaanza Novemba hivi au Desemba mpaka Aprili. Mei barabara zinakauka, mto bado umejaa, vumbi bado halijawa jingi. Juni na Julai ni kavu kabisa ila kuna baridi, asubuhi unahitaji glovu, watu wa pwani wanashangaaga. Agosti na Septemba vumbi ni jingi na kuna moto wa misitu, siku nyingine anga lote moshi na sipandi siku hizo maana unavuta moshi ule masaa manne. Mimi nakwambia njoo Mei mwishoni, au kama alivyosema mzee wetu njoo Oktoba mwanzoni uone miyombo myekundu, utateseka na jua lakini hutasahau.

Sasa niandike Kiwere kama nilivyoahidi.

Unatoka mjini mapema, saa kumi na mbili na nusu, unachukua barabara ya Pawaga. Mwanzo ni kushuka, miamba mikubwa ya mawe kila upande, na changarawe yake inatokana na miamba hiyo hiyo iliyomong'onyoka, punje ndogo ngumu, tairi inashika vizuri sana hata kwenye kona. Hapo unaweza kukimbia. Kiwere ni kama kilomita 20. Kuna skimu ya umwagiliaji pale, maji yanachepushwa kutoka Ruaha Mdogo yanaingia kwenye mifereji, na watu wanalima nyanya, vitunguu, mahindi ya kuchoma mwaka mzima. Ukifika unasikia kwanza harufu ya udongo uliolowa kabla hujaona kijani. Shuka kwenye baiskeli ukipita kingo za mifereji, usipande juu yake, ukingo ukibomoka maji yanaingia kwenye bustani ya mtu na kazi ya wiki nzima imekwenda. Mahindi ya kuchoma yapo, chai ipo, jaza maji hapo lita tatu kwasababu mbele ni shida.

Baada ya Kiwere miti inaanza kukaribia barabara. Upande wa Mfyome unaingia kwenye miombo yenyewe. Huu msitu nataka muuelewe kabla hamjauingia. Sio pori la bure. Mfyome ni moja ya vijiji vya Iringa vilivyoanza mapema kusimamia msitu wao wenyewe, wana kamati ya maliasili, wana sheria ndogo, mtu akitaka kuchoma mkaa au kukata mti anapata kibali kijijini na analipia, na Sheria ya Misitu ya 2002 ndo ikaja kuwapa nguvu kamili kisheria. Ndo maana ukiwa kwenye kilima ukiangalia unaona kabisa miti inaanzia wapi na mashamba yanaishia wapi. Kwahiyo mimi kila nikienda napita kwanza ofisi ya kijiji, nasaini kitabu cha wageni, nawaambia tupo wangapi na tutatokea wapi. Dakika kumi. Siku moja mwenzetu alichelewa kutoka msituni na watu wa kamati ndo walioenda kumtafuta, walijua alipoingia kwasababu tulisema.

Na huko ndo nilijifunza kupanda graveli. Kuna mteremko mrefu wenye mchanga, nilikuwa nimesimama juu natafuta pa kupita baada ya kuanguka mara mbili. Akaja mzee mmoja anasukuma Phoenix yenye magunia mawili ya mkaa, moja limelala juu ya karia na lingine ubavuni, yamefungwa kwa tyubu kuukuu zilizochanwa vipande virefu. Breki hana kabisa. Ana fimbo ameipitisha kwenye fremu inagusa tairi la nyuma na anaibana kwa mkono mmoja, ikisugua inatoa mlio kama mtu anapiga randa mbao. Tukasalimiana. Akaniangalia mimi na baiskeli yangu akaniambia "usifuate alama za gari, fuata za baiskeli".

Nikaangalia chini na kweli zipo. Magari yamechimba mitaro miwili ya mchanga mweupe laini kama unga, ukiingia gurudumu la mbele linazama na usukani unageuka. Lakini pembeni kabisa, karibu na majani, kuna mstari mwembamba, upana wa kiganja, rangi ya kahawia iliyokoza, umekandamizwa mpaka umekuwa mgumu kama sakafu. Huo ni mstari wa baiskeli za mkaa na za nyanya za miaka yote, mtu mmoja baada ya mwingine na mzigo wake. Unakwepa kila shimo, unazunguka kila mzizi, unavuka barabara kwenda upande wa pili kabla hata hujaona kwanini, halafu unaona, upande huu ulikuwa na korongo. Nikaweka gurudumu langu pale nikateremka mpaka chini bila kugusa breki mara mbili.

Toka siku hiyo siangalii simu kujua njia iko vipi. Naangalia mstari. Ukiona mstari umekatika ghafla na hakuna alama za tairi mbele, simama, wenyeji wameacha kupita hapo na wana sababu.

BintiKihesa

Hii nimeisoma nikaenda nje kuangalia barabara ya mtaani kwetu na mstari upo kweli jamani. Nimeishi hapa miaka 26.

mwanachuo_mkwawa

Wakuu mi nilienda Kiwere mwezi wa pili na nataka niwaokoe wengine. Msiende baada ya mvua. Changarawe ya mwanzo haina shida ila ukivuka kwenda upande wa chini zaidi unakokaribia Pawaga udongo unabadilika, ni ule mweusi wa mbuga, ukilowa unanata kwenye tairi, unajaa kwenye foku, gurudumu linagoma kuzunguka. Nilisukuma kama kilomita 4 nikisimama kila hatua kumi kutoa tope kwa kijiti. Kuna kijana alinionyesha, akaniambia tembea juu ya majani usitembee barabarani, ndo nikatoka.

spoku36

Uliosha beringi baada ya hapo?

mwanachuo_mkwawa

Nilipiga maji ya mpira.

spoku36

Lete baiskeli. Maji ya presha yanasukuma mchanga kwenda ndani kwenye beringi, mwezi mmoja zitaanza kulia. Tope liache likauke, likung'ute kwa brashi, futa mnyororo kwa kitambaa chenye dizeli kidogo kisha weka oili tone tone na ufute inayobaki nje. Oili nyingi kwenye vumbi inageuka kuwa msasa.

nyumbani_mbali

Mimi nipo Ujerumani, Freiburg, mzaliwa wa Mtwivila. Huku msituni kila njiapanda kuna kibao, kilomita, mshale, huwezi kupotea hata ukitaka, na napanda kila wiki na nashukuru. Lakini sijawahi kusimamishwa na mtu akaniuliza natoka wapi naenda wapi. Nikirudi Desemba naombeni mnichukue, najua ni mvua, tutaenda Igeleke tu nione ile michoro, niliiona mara moja na darasa la tano na sikuielewa.

mpandavumbi

Igeleke hata kwenye mvua inapandika mkuu, ni karibu na ni mawe. Michoro ipo chini ya mwamba unaoning'inia, rangi ya wekundu wekundu, ukikaa dakika chache macho yakizoea unaanza kuona wanyama mmoja mmoja. Tutakupeleka.

Nimalizie na masharti ya Idodi na Tungamalenga maana kuna mtu kaniuliza PM. Unapita Kalenga, Nzihi, Kidamali, unashuka kwenye joto, miombo inaisha unaingia kwenye mibuyu na miiba. Ukikaribia Idodi umeingia eneo ambalo tembo wanapita na mbung'o wapo. Hapo hupandi alfajiri na hupandi jioni. Unalala, unaanza saa mbili jua limetoka, unauliza kila kijiji tembo wameonekana wapi, ukiambiwa usiende huendi, unapanda gari la mizigo na baiskeli yako juu. Eneo la jumuiya ya wanyamapori linasimamiwa na vijiji vyenyewe, MBOMIPA, na getini kwa hifadhi ndo mwisho, huingii na baiskeli. Nguo za bluu na nyeusi acha nyumbani, mbung'o anazipenda.

Kilolo sitaandika sana, ni kupanda tu, unatoka Ipogolo unapanda na unaendelea kupanda, hewa inakuwa baridi, miombo inageuka misonobari na mikaratusi ya kupandwa. Ni nzuri ila magari ya mbao yapo, nenda Jumapili.

BintiKihesa

Ripoti ya Jumamosi. Tulikuwa sita sio watano. Tumesaini Mfyome saa tatu na robo. Mbigili nne kwangu, zote nilizing'oa kama fundi alivyosema, povu likatoka likanyamaza. Mchangani kwenye ule mteremko nilishuka nikasukuma mara ya kwanza, tulivyorudi nyuma kupita tena nikafuata mstari na nikafika chini nimekaa juu ya baiskeli. Chini nikakuta mama mmoja na mwanae wanapumzisha baiskeli yenye tenga mbili za nyanya, akanipa moja nikaila hapo hapo. Nikamwambia sina cha kumpa, akasema nimsaidie kusukuma mpaka juu, tukasukuma sote sita kwa zamu. Nzito jamani. Anafanya hivo mara tatu kwa wiki.

Mzee wa Tosa, majani bado hayajawa mekundu lakini kuna mti mmoja baada ya Kiwere, mkono wa kulia, umeanza kwenye ncha.

Mzee wa Tosa

Mmoja ukianza, hesabu siku kumi.

mpandavumbi

Wakuu nimepata njia ya Ugwachanya. Mara ya pili, mara ya kwanza tulipotea tukarudi. Makorongo ni matatu mzee alivyosema, la pili lina maji. Panga lilihitajika sehemu moja tu. Lami tumeigusa mwishoni kama mzee alivyosema, na tumeivuka tukiwa tumeshuka. Mwenzangu aliyevunjika mtulinga alikuwepo, alisimama ukingoni muda mrefu kuliko sisi, malori manne yakapita, halafu akavuka. Jumamosi ijayo tunarudi tena, tunakutana Kalenga saa moja, anayetaka aje na tyubu ya akiba.